Kilombero, Maji Yakijaa na Yakipungua

Mara ya kwanza nilifika Mto Kilombero mwezi wa Aprili, nikiwa na fimbo ya kuvulia niliyoinunua Morogoro mjini, ndoana za saizi tatu, na imani kwamba mto ukijaa maji umejaa na samaki. Ilikuwa 2014. Watu na magari walikuwa bado wakivushwa kwa kivuko, na daraja lilikuwa linajengwa. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mzaliwa wa Ifakara, alikuwa amenipigia simu: "Njoo uyaone maji, shemeji." Mimi nikasikia "njoo uvue."

Nilikaa siku nne. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kwa kasi, yamebeba magogo na mafungu ya majani yaliyong'oka na mizizi yake. Nilirusha ndoana asubuhi, nikarusha jioni, nikabadilisha chambo kutoka minyoo hadi utumbo wa kuku. Siku ya tatu nikapata ngogo mmoja, mdogo kama kiganja. Nilimshika kama ninavyomshika perege, kwa kumbana mgongo na mbavu. Ngogo ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na mmoja kila upande, na akishikwa anaisimamisha na kuifunga isikunjike tena. Wa ubavuni uliniingia chini ya kidole gumba. Maumivu yalipanda mpaka kwenye kiwiko, nikakaa kwenye tope pale pale. Samaki mwenyewe alikuwa analia, kweli analia, sauti ya kukwaruza kama ya mlango wenye bawaba kavu.

Aliyenitoa mwiba ni mjomba wa mke wangu, mvuvi tangu utotoni. Alinichovya mkono kwenye maji ya moto kadiri nilivyoweza kuvumilia, akaniambia nisiutoe mpaka aseme. Nilipotulia, akaitazama fimbo yangu kwa muda.

"Mkwe, humu mtoni unamtafuta nani?"

"Samaki, Mjomba."

"Wenyewe wamehama." Akanyoosha mkono, akauelekeza nyuma yetu, kwenye majani yaliyosimama ndani ya maji hadi macho yanapokoma. "Wako kule. Wamekwenda kuzaa."

Maneno hayo machache ndiyo yaliyonirudisha Kilombero mara nne tangu siku ile. Nilikuwa nimekaa siku tatu nikitazama upande mmoja, na mto ulikuwa mgongoni mwangu.

Anayefika mara ya kwanza hudhani mto ni ule mkondo unaovukwa. Lakini bonde lote ni mto, ila linapokezana na nchi kavu. Upande mmoja imesimama milima ya Udzungwa, upande wa pili nyanda za juu za Mahenge, na katikati kuna sakafu karibu tambarare yenye urefu wa takriban kilomita 260 na upana unaofika kilomita 52. Mnyera, Ruhudji, Mpanga, Kihansi, Lumemo na vijito visivyohesabika vinashuka milimani na kumwaga maji ya masika kwenye sakafu hiyo kwa wakati mmoja. Maji hayana mteremko wa kukimbilia, kwa hiyo yanatandaa. Yanapanda juu ya kingo, yanaingia kwenye nyasi, yanafunika mashimo na madimbwi yaliyokuwa yamekauka, na kambale anayafuata. Kule kwenye maji ya kina cha goti, yenye joto na wadudu tele, anaacha mayai kwenye nyasi zilizozama. Vifaranga wanakulia humo, mbali na midomo ya samaki wakubwa wanaokaa kwenye kina. Maji yakianza kupungua, kuanzia Juni hivi, wote wanarudi kwa njia za vijifereji wanavyovijua wao, tayari wameshanenepa.

Mjomba alinieleza hayo kwa kijiti, akichora kwenye tope mbele ya kibanda chake. Baadaye nyumbani nikasoma kwamba bonde hili, hekta 796,735, liliingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya maeneo oevu ya Mkataba wa Ramsar, na kwamba maji yake yakikutana na ya Luwegu ndipo unapozaliwa Rufiji. Nilipoviona vitu hivyo kwenye karatasi nilishavijua kwa mchoro wa tope. Ninachoshukuru ni mpangilio huo, maana naamini ningeanza na karatasi nisingeuliza kitu.

Nilirudi Agosti mwaka huo huo. Safari hii, kabla ya kushika chochote, shemeji alinipeleka ofisi ya kijiji. Aprili nilikuwa nimeipita hiyo hatua, na Mjomba alikuwa amenivumilia kwa sababu ya undugu. Mto hauna uzio wala geti, na mgeni huona hapo kila mtu anajichukulia. Sivyo. Mjomba ana leseni ya uvuvi anayoikata kila mwaka. Kambi za wavuvi zina viongozi wao, kila familia inajulikana inatega wapi, na mgeni anayejitokeza na nyavu bila kujitambulisha huonekana kama mwizi anayepita uani kwa mtu. Nilisaini kitabu cha wageni, nikaeleza nimefikia kwa nani na nitakaa siku ngapi. Dakika kumi tu. Baada ya hapo kila mvuvi niliyekutana naye alikuwa ananijua: "Wewe ndiye mkwe uliyechomwa na ngogo."

Agosti mto ni kiumbe kingine. Maji yamerudi ndani ya kingo, yametulia, yameacha fungu la mchanga mweupe kila kwenye kona. Tuliondoka alfajiri, lakini si alfajiri niliyoitaka mimi. Nilitaka saa kumi na moja, Mjomba akakataa. Saa hiyo viboko wanarudi majini kutoka malishoni, na kila njia yao ya kushukia mtoni ni barabara yenye mwenyewe. Ukikaa kati ya kiboko na maji yake, umemfungia mlango wa nyumba. Tukangoja jua litoke kabisa.

Ndani ya mtumbwi kuna mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniambia, na ningependa ungeyajua kabla hujapanda. Kaa chini kabisa, sakafuni, usikae ukingoni. Usigeuke ghafla kutazama ndege, geuza shingo peke yake. Mjomba alisimama nyuma na upondo, akiusukuma mtumbwi kwenye maji madogo kando ya ukingo, na niliona ajabu kwamba anazunguka kila kona kwa upande mrefu badala ya kukata katikati. Kiboko anakaa kwenye kina. Kwenye maji madogo utamwona mgongo, kwenye kina atakuona yeye kwanza. Tulipolazimika kuvuka kina, alichukua kafi akagonga ubavu wa mtumbwi, ko, ko, ko, akangoja, akagonga tena. Vichwa vinne vikaibuka mbali kidogo upande wa kulia, masikio yakitikisika. "Sasa tunajua wako wapi, na wao wanajua sisi tuko wapi," akasema. Tukapita kushoto.

Kwa mamba sheria ni fupi zaidi. Usichote maji mahali pamoja kila siku kwa saa ile ile, kwa sababu mamba ana subira na anajifunza ratiba yako. Usioshe samaki ukiwa umechutama ukingoni. Kambini walichota kwa ndoo iliyofungwa kwenye mti mrefu, na samaki walioshwa juu, mbali na maji, kwenye beseni.

Siku hiyo tulitegua migono sita. Mgono ni mtego wa fito na kamba, mdomo mpana, koo jembamba; samaki anaingia kwa urahisi na haoni pa kutokea. Mjomba alikuwa ameitega kwenye midomo ya vijifereji, pale maji ya mwisho ya uwanda yanaporudi mtoni. Kambale, kitoga wawili wakubwa, perege. Kila mgono ulipofunguliwa alitia mkono na kuwarudisha majini wale wadogo, mmoja mmoja, bila kunihubiria lolote. Nikamuuliza kwa nini hatumii wavu wenye macho madogo apate wengi zaidi kwa siku moja. Akanijibu kwa swali: "Na kesho nitakula nini?"

Fimbo yangu nilikuwa nimeibeba. Jioni aliniambia nirushe kwenye ukingo wa kivuli, mahali maji ya mfereji yanapogongana na maji ya mto. Nilipata kambale wa kilo mbili hivi, wa kwanza wa maisha yangu. Nilifurahi kiasi kwamba nilimpigia mke wangu simu kabla sijamtoa ndoana. Alibanikwa usiku ule kwenye chanja, moshi wa kuni ukimzunguka, tukamla kwa wali wa Ifakara. Mchele ule ulilimwa kwenye maji yale yale. Sijala chakula kilichotoka mahali pamoja namna ile tena.

Sheshe niliwaona siku ya pili. Ni swala wa rangi ya dhahabu iliyochafuka kidogo, dume ana pembe fupi nene zenye mapete. Walikuwa kumi na wawili kwenye majani mabichi karibu na maji. Wakati wa mafuriko wanasogea pembezoni, kwenye miti. Maji yakirudi nyuma yanaacha majani machanga, nao wanayafuata hatua kwa hatua. Kwa maneno mengine wanafuata kalenda ile ile ya kambale, ila wanakwenda kinyume: samaki akitoka mtoni sheshe anapisha, samaki akirudi sheshe anashuka. Mmoja wao alipotuona alipiga mluzi. Nilidhani ni mtu. Bonde hili liliwahi kuwa na sheshe wengi kuliko mahali pengine popote duniani, na wazee wa Ifakara wanakumbuka makundi ambayo mtu hakujisumbua kuyahesabu. Mimi nilihesabu kumi na wawili na nikaambiwa nina bahati.

Kuhusu mafungu ya mchanga nina kosa la kukiri. Siku ya tatu niliomba tupumzike kwenye fungu moja zuri katikati ya mto, nikaruka kutoka mtumbwini na kuanza kutembea. Mjomba alinipigia ukelele nilioudhania ni wa mamba. Nilisimama mguu mmoja ukiwa hewani. Mbele yangu, kwenye kishimo kidogo kisichokuwa na hata jani moja la kukificha, kulikuwa na mayai mawili yenye madoadoa, rangi yake mchanga mtupu. Tangu hapo najua kwamba kiangazi, mchanga mtupu wa mtoni ni kiota. Ndege wanaotaga hapo wana wiki chache tu kati ya maji yaliyopungua na maji yatakayorudi, na mtu mmoja anayetafuta mahali pa kupiga picha anaweza kukanyaga msimu wao mzima.

Nilipata darubini mwaka uliofuata, ya mtumba, kioo kimoja kina mkwaruzo, nikarudi Julai. Nilikuwa nimesikia kwamba kuna wageni wanaosafiri kutoka ng'ambo mpaka pale Kivukoni, hatua chache kutoka mahali nilipochomwa na ngogo, kutafuta ndege mmoja tu: mnana wa Kilombero. Aliingia kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1990, na hapatikani nje ya bonde hili. Dume ni manjano ya kung'aa na uso mweusi kama aliyevaa barakoa. Viota vyao huning'inia kwenye matete juu ya maji. Kuna na ndege wengine wawili wa humo humo, wadogo, wa kahawia, ambao watafiti walizijua sauti zao kwa miaka mingi lakini hawakupewa majina rasmi ya kisayansi hadi 2021. Mmoja wao akapewa jina la heshima ya Neil na Liz Baker, waliotumia miaka mingi kukusanya kumbukumbu za ndege wa Tanzania.

Nilikaa chini ya mti mmoja kuanzia saa moja asubuhi, jua likiwa nyuma yangu. Hilo nalo nilifundishwa; ukilitazama jua, kila ndege ni mweusi. Mnana alikuja saa mbili na robo. Alikuwa na ukoka mdomoni, akatua kwenye tete likainama karibu liguse maji, akaanza kusuka. Mama mmoja aliyekuwa anauza mihogo ya kukaanga karibu yangu aliuliza natazama nini. Nilimpa darubini. Akatazama kwa muda mrefu, akairudisha. "Huyu? Huyu yuko hapa kila siku." Nikamwambia duniani kote yuko hapa tu. Aliiomba darubini tena.

Nadhani hapo ndipo nilipoacha kuwa mtu anayekuja kuvua.

Nimeyaona pia mambo ambayo siwezi kuyapita kimya. Mwaka 2019 nilivuka kwa daraja, mita 384 za zege, dakika moja mahali ambapo zamani tulingoja saa nzima. Simlaumu yeyote aliyelitaka daraja. Januari 2016 kivuko kilipinduka kwenye mto huu kukiwa na upepo mkali, na kila mtu wa Ifakara ana hadithi ya usiku ule. Lakini kutoka juu ya daraja niliona kilichotokea pembeni: matete yamefyekwa na kuchomwa mpaka ukingoni, mashamba ya mpunga yamefika mahali nilipomtazama mnana. Mjomba alinipeleka kwenye kijifereji kimoja alichokuwa anategea migono. Mtu alikuwa amekiziba kwa chandarua kutoka ukingo hadi ukingo. Chandarua cha mbu! Kwenye mji ambao utafiti wake wa malaria unajulikana dunia nzima. Ndani yake kulikuwa na vifaranga wadogo kama punje za mchele, maelfu, wamekauka. Mjomba hakusema kitu. Alitoa kisu akakata kamba za upande mmoja, maji yakapita.

Nimefikiri sana kuhusu aliyetega chandarua kile. Ana watoto, bila shaka, na jioni ile alihitaji mboga. Lakini alikuwa amesimama mahali samaki wa bonde zima wanapopita kurudi nyumbani, akachukua wa mwaka huo na wa mwaka uliofuata kwa mkupuo. Kokoro, sumu, chandarua, shamba linalolimwa mpaka kwenye maji: vyote vinafanya kosa nililolifanya mimi Aprili ile. Vinaamini mto ni mkondo, na kwamba kule kwenye majani ni pori tupu lisilo na kazi.

Tangu 2023 sehemu ya bonde imekuwa Pori la Akiba Kilombero, na mipaka imebadilika. Kuna sehemu nilizokuwa napita na Mjomba ambazo sasa haziingiliki bila kibali, na wapo wavuvi na wakulima walioumia kwa mabadiliko hayo. Naielewa sababu ya kulinda, kwa kuwa nilikiona chandarua. Nayaelewa na machungu yao, kwa kuwa nimekula kwenye sahani zao. Kwa unayetaka kwenda, usitegemee kumbukumbu za mtu aliyekwenda zamani, zikiwemo zangu. Anza ofisi ya kijiji na kwa afisa uvuvi wa wilaya, uliza wapi ni wapi mwaka huu. Beba chandarua, cha kulalia. Nenda kati ya Julai na Oktoba kama unataka samaki na wanyama. Kama unataka kuuelewa mto, nenda masika, uache fimbo nyumbani.

Mara ya mwisho nilikwenda na binti yangu wa miaka tisa. Ilikuwa mvua za kwanza kubwa, Mjomba amezeeka, haendi tena mtoni kila siku. Usiku mvua ilipokatika alituamsha, akatuongoza kwa tochi mpaka kwenye njia ya miguu nyuma ya nyumba, mahali maji ya mto yalikuwa yameanza kulamba nyasi. Akaiinamisha tochi.

Kambale alikuwa anavuka njia. Maji hayakufika hata nusu ya mwili wake. Alikuwa anajivuta kwa tumbo, kichwa kipana mbele, sharubu zinapapasa, anasimama, anavuta tena. Binti yangu aliinama kumshika.

"Mwache, mjukuu wangu," Mjomba akasema. "Anapanda."

Tulisimama bila kusogea mpaka alipoingia kwenye shamba la mpunga upande wa pili. Tukasikia maji yakipigwa mara mbili, kisha vyura wakaendelea.